Kamera ya kwanza kwa shilingi 750,000

Nilikuwa na shilingi 750,000, hela ya mchezo, na zamu yangu ilikuwa imeangukia mwezi ambao Mtwara nzima inalia njaa. Wenzangu walinionea huruma. Mimi nilifurahi, kwa sababu kwa mtu anayetafuta kamera ya mtumba huku kwetu, mwezi wa kununua una maana kuliko hata jina la kamera.

Kwa walio mbali: maisha ya huku yanaenda na korosho. Minada inaanza Oktoba, wakulima wanaingiziwa hela zao benki, na kuanzia hapo mpaka mwaka mpya kila kitu kinanunuliwa. Bati, pikipiki, sabufa, magodoro, simu. Na kamera nazo zimo, maana kila msimu hawakosekani vijana walioamua kuwa wapiga picha. Ikifika Machi na Aprili mvua imekolea, sherehe zimepungua, ada imeshalipwa, na ile kamera iliyonunuliwa kwa mbwembwe inatoka kabatini kwenda kwenye magrupu ya WhatsApp: "Bado mpya kabisa, nina shida ya haraka, mwenye hela tu." Kwa hiyo ukinunua, nunua mvua zikinyesha. Ukiuza, subiri mnada.

Mimi nina kibanda cha steshenari Chikongola. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, napiga picha za pasipoti. Picha hizo nilikuwa napiga kwa simu, kitambaa cha bluu ukutani, mteja kwenye stuli karibu na mlango, na kwa kazi hiyo simu inatosha kabisa, asije mtu akakudanganya. Shida ilianza wateja waliponogewa. "Dada, Jumamosi mwanangu ana send-off, si utakuja kutupiga?" Unakwenda. Ukumbi una taa za rangi zinazokimbizana, bibi harusi mtarajiwa anaingia kwa madaha na mashoga zake, na wewe na simu yako mnaambulia kivuli cha zambarau chenye meno.

Ndiyo nikaanza kutafuta DSLR, ile kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha, yenye kioo ndani kinachokuletea picha kwenye tundu la kuchungulia.

Nimeulizwa kwa nini nisitafute hizi kamera mpya zisizo na kioo ndani. Jibu ni bei tu. Mwaka 2018 Canon walitoa EOS R, Nikon wakatoa Z6 na Z7, na tangu hapo kampuni zote mbili nguvu zao zimehamia huko. Wapiga picha wenye uwezo wamewafuata. Walichokiacha ndicho kinachotufikia sisi: DSLR nzima kabisa, zenye lenzi zilizozagaa kila mahali, kwa bei ambayo mtu wa steshenari anaweza kuifikiria bila kizunguzungu. Kamera haizeeki kwa sababu Tokyo wametoa nyingine. Ile ya 2011 leo inapiga picha ile ile iliyokuwa inapiga 2011, na mwaka 2011 watu walioa na kuolewa na picha zao mpaka leo ziko sebuleni.

Kuhusu megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, nitasema kwa kifupi, maana hapo ndipo wauzaji wanapotuchezea. Mimi kazi yangu ni kuchapa, kwa hiyo hesabu hii naijua. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6, ukiichapa kwa ubora mzuri wa nukta 300 kwa inchi, inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800. Hizo ni megapikseli mbili na kidogo. Karatasi nzima ya A4 inataka kama tisa. Kamera ya megapikseli 12 inajaza A4 na chenji inabaki. Na wateja wetu wengi hata hawachapi, wanataka uwatumie WhatsApp, ambako picha inaminywa mpaka yale majivuno ya megapikseli 24 yanaisha njiani. Tuendelee.

Katika zile wiki za kutafuta, kamera nilizozifikiria kweli kweli zilikuwa nne.

Ya kwanza ni Canon 4000D mpya, kwenye boksi lake, ya duka moja la Dar es Salaam. Hii ilininyima usingizi, nakiri, kwa sababu neno "mpya" ni tamu. Lakini bei yake ilipita bajeti kabla hata sijaweka memori kadi, na ukiichunguza unaona Canon walipobania: ile pete ya kufungia lenzi ni ya plastiki, wakati kwenye nyingine nyingi ni ya chuma. Kioo cha nyuma ni kidogo na hafifu. Mpya ya daraja la chini kabisa au ya mtumba ya daraja la juu yake? Mimi nilichagua mtumba bila kujiuliza mara mbili, na ningemshauri hivyo hivyo mtu yeyote ambaye hela yake haina ndugu.

Ya pili, Canon 1100D ya kaka mmoja mpiga picha wa Magomeni ya hapa hapa Mtwara, ambaye ndiye aliyenifundisha nusu ya haya ninayoyaandika. Alikuwa ameshahamia 700D na hiyo ya zamani akaniambia, "Mdogo wangu, chukua kwa laki tatu, utanilipa taratibu." Ni kamera ya megapikseli 12, ya 2011, na mwenye laki nne mfukoni asiione haya kuinunua. Mimi nilisita kwa mambo mawili. Haina ule mtetemo wa kukung'uta vumbi kwenye kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, na mimi najua ngoma za Tandahimba na Newala zinachezwa kwenye vumbi la aina gani. Halafu kioo chake cha nyuma juani hukioni. Unapiga saa saba mchana, unageuza kamera uangalie, unajiona wewe mwenyewe.

Ya tatu ilikuwa Nikon D3200, ya mtumishi aliyekuwa anahama kutoka Shangani. Laki tano na ishirini, safi, imetunzwa kwenye begi lake, megapikseli 24. Kama ni uzuri wa picha peke yake ukiziweka mezani, hii iliishinda ile niliyokuja kuichukua. Siwezi kuficha. Lakini nilipomuuliza kaka wa Magomeni, hakujibu kuhusu kamera. Aliniuliza, "Betri ikikufia saa tatu usiku katikati ya sherehe, nani Mtwara hii atakuazima?"

Swali hilo ndilo lililoamua. Wapiga picha ninaowafahamu kuanzia Ligula mpaka Mikindani, karibu wote wana Canon. Sina maana kwamba Canon ni bora. Walianza nayo wachache, wakafundisha wengine, na sasa lenzi, chaja na betri zinazozunguka mjini ni za Canon. Mwenye bajeti ndogo hanunui kamera peke yake, ananunua pia vitu atakavyoviazima, na mtu wa Mtwara yuko mbali na duka. Kariakoo ni kilomita zaidi ya 550 kwa basi. Ukiharibikiwa Ijumaa usiku, Kariakoo haikusaidii, anakusaidia jirani.

Kuna na jambo la mota, ambalo muuzaji hatakuambia. Nikon za daraja la chini, yaani familia za D3000 na D5000, hazina mota ya fokasi, ile ya kuifanya picha itoke kali, ndani ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Fokasi inategemea mota iliyo ndani ya lenzi yenyewe, zile zilizoandikwa AF-S au AF-P. Ukikutana na ile lenzi ya 50mm f/1.8D ya bei nafuu, ukaifunga kwenye D3200, picha itapiga lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Hata zile AF-P mpya, kwenye D3200 fokasi yake haifanyi kazi. Nikon zenye mota ndani ni kama D90 na D7000, ambazo ni nzuri, ila sikuiona hata moja ikiuzwa mkoani. Kwa Canon, lenzi yoyote ya EF ya tangu 1987 unaifunga na inajifokasi. Mtu wa kuokoteza lenzi moja moja anahitaji urahisi huo.

Ya nne ni Canon 600D, ya mwalimu mmoja wa Masasi. Hiyo ndiyo niliyonayo.

Kabla ya Masasi niseme kuhusu lenzi, maana hapa ndipo ninapogombana na vijana. Mtu ana laki saba na nusu, anatafuta bodi ya laki saba na nusu. Anaipata, ina ile lenzi ya 18-55 inayokuja nayo, anaingia ukumbini, na picha zinatoka zimetikisika kama za simu. Anasema kamera mbovu. Kamera haina ubaya. Ile lenzi ukiivuta mpaka 55, tundu lake la mwanga linafunguka mwisho f/5.6, na namba ya f ikiwa ndogo ndiyo tundu kubwa. Lenzi ndogo ya 50mm f/1.8, ile ya plastiki nyepesi isiyotisha mtu, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo.

Hili sikulichukua kwa kuambiwa. Kaka wa Magomeni alinichukua kwenye kazi yake moja ya kitchen party, akanipa ile 1100D ya zamani na lenzi zote mbili. Kulikuwa na mama amekaa meza ya mbele, kitenge cha kijani, taa iliyo karibu naye ni balbu moja ya darini. Kwa ISO 1600, yaani wepesi wa kihisi kuunasa mwanga, na ile 18-55, kamera ilitaka kasi ya 1 ya 15 ya sekunde. Kwa kasi hiyo mtu akipumua tu ameshatikisika. Mama alikuwa anacheka na kupiga makofi, mikono ikatoka mawingu. Nikafunga 50mm, nikafungua mpaka f/1.8, ISO ile ile, kasi ikapanda kupita 1 ya 125. Vidole vikaonekana vyote, na pete, na hina kwenye kucha. Kamera ile ile ya laki tatu, balbu ile ile.

Kuanzia siku hiyo nikagawa hela yangu upya. Bodi isizidi laki tano, laki na nusu iwekwe pembeni kwa ajili ya 50mm, kinachobaki kiende kwenye betri ya akiba, kadi na nauli. Bodi ikipunguzwa daraja moja hakuna mteja atakayejua. Lenzi ikikosekana watajua wote.

Ila 50mm nayo ina adabu zake. Kwenye hizi kamera za kihisi kidogo, Canon unazidisha kwa 1.6, kwa hiyo inaona kama 80mm. Kwa sura ya mtu ni tamu sana. Kwa familia ya watu kumi na wawili kwenye sebule ya Chikongola, utarudi nyuma mpaka utoke nje, bado babu hayumo.

Masasi sasa. Tangazo lilisema: Canon 600D, lenzi ya 18-55, begi, chaja, laki tano na nusu, maelewano yapo. Nilipompigia, mwalimu alijibu kwa utulivu, hakusema "wahi kuna mtu anakuja nayo". Hiyo kwangu ni dalili njema. Nilipanda basi la asubuhi na laptopu ya ofisini, tochi, waya wa USB, memori kadi yangu mwenyewe na karatasi moja nyeupe. Kulipa kwa simu halafu kamera ije kwenye basi kama parseli sikutaka hata kusikia. Kuna watu wamefanya hivyo wakapokea boksi la msumari.

Nilipofika, mke wa mwalimu alinikaribisha chai na mihogo ya kuchemsha, na mimi nikaomba radhi kwamba nitaangalia kwanza mashine. Mwalimu akacheka, akasema, "Angalia dada, mwanafunzi anayekagua mtihani wake sina ugomvi naye."

Nilianza na nje: skrubu za chini, kama vichwa vyake vimeliwa ujue fundi amepita. Pale juu panapoingia flashi, kama pamechakaa sana ujue kamera imefanya kazi za harusi mpaka imechoka. Pako safi. Mpira wa kushikia ulikuwa umeanza kubanduka kona moja. Nikafungua mlango wa betri, mlango wa kadi, nikaangalia vile vishikio vya plastiki, maana vikivunjika utaishi na selotepu.

Halafu lenzi. Nikaitoa, nikawasha tochi, nikaiangalia kwa mshazari kutoka nyuma mpaka mbele. Unatafuta kitu kama utando wa buibui ndani ya vioo. Hiyo ni kuvu, na huku pwani ndiyo adui namba moja. Wiki kadhaa kabla, mjini, nilionyeshwa lenzi ya 55-250 ya bei nzuri mno, tochi ilipopita nikaona mizizi myeupe imetambaa kutoka ukingoni kuja katikati. Muuzaji akasema ni vumbi, linafutika. Vumbi halina matawi. Ya mwalimu ilikuwa na chembe mbili tatu za vumbi, ambazo hazidhuru chochote, na kuvu hakuna. Masasi iko mbali na bahari, hewa yake kavu kuliko yetu, na hilo lilikuwa kichwani mwangu tangu napanda basi.

Nikafunga lenzi, nikaweka f/22, nikapiga ile karatasi nyeupe bila fokasi, nikaikuza kwenye kioo. Kona ya juu kulia kulikuwa na nukta nyeusi, na nyingine hafifu chini yake. Hapo uchafu umekaa kwenye kihisi.

"Mwalimu, hii nukta unaiona?"

"Si iko kwenye karatasi hiyo, dada?"

Nikageuza karatasi juu chini, nikapiga tena. Nukta palepale. Mwalimu akaisogelea kamera, akavua miwani, akavaa tena. "Kumbe. Na mimi nilikuwa naiona kwenye mahafali, nikadhani ni ndege."

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Nukta ya namna hiyo inasafishika, haikunitia wasiwasi, lakini kwenye kupatana bei ilinisaidia sana.

Nikaendelea. Kifuniko cha lenzi mbele, picha ya sekunde 30 gizani, kuangalia kama kuna nukta za rangi zinazowaka. Chache zilikuwepo, za kawaida. Nikawasha kile kioo chake kinachogeuka, nikakizungusha kila upande huku picha ikiwa inaonekana, kwa sababu waya wake unapita kwenye bawaba na ukikatika kioo kinazima ukikifungua pembe fulani. Kikabaki kinawaka. Nikapiga picha mfululizo huku nazungusha zumu kutoka 18 mpaka 55 na kurudi. Lenzi hizi zina utepe wa umeme ndani ambao unachoka, na ukichoka kamera inakuandikia Err 01, yaani bodi na lenzi hazielewani. Haikuandika. Flashi ya juu ikaruka na kuwaka. Vitufe vyote vikaitikia.

Mwisho nikachomeka waya kwenye laptopu. Nikon huandika idadi ya picha ilizopiga ndani ya faili la picha lenyewe, ukiwa na programu ya kusoma maelezo ya picha unaiona. Canon za daraja hili haziandiki, inabidi kuiuliza kamera yenyewe kwa waya na programu maalumu. Ilikuja elfu ishirini na kitu. Kwa kulinganisha, Nikon walisema shata ya D3200, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila ukipiga, imejaribiwa mpaka mara 100,000, na kamera za daraja hili kwa kawaida zinahesabiwa huko huko. Mwalimu alikuwa anapiga mahafali na sherehe za shule tu.

Tukapatana. Nikamwonyesha nukta, nikamwonyesha mpira uliobanduka, nikamwambia betri nayo ina umri wake. Akaanza na laki tano na nusu, nikaanza na laki nne na nusu, tukafika 480,000. Akanipa na ule mkanda wa shingoni wa Canon ambao alikuwa hajawahi hata kuutoa kwenye mfuko. Nikamtumia kwa simu pale pale mbele yake, akasoma ujumbe, tukashikana mikono, ndipo nikala mihogo.

Lenzi ya 50mm niliipata mjini kwa 150,000 kutoka kwa dada mmoja aliyeacha kupiga picha baada ya kujifungua. Ni ile ya zamani, f/1.8 II, iliyotoka 1990, inayolia kama mende ikifokasi. Mpya yake ya 2015, ya STM, ni tulivu na imara zaidi, pete yake ya kufungia ni ya chuma, lakini bei nayo si ya mtoto. Yongnuo, kampuni nyingine, nao wana ya kwao ya bei nafuu na inafanya kazi. Ukikosa ya Canon usilie.

Betri ya 600D ni LP-E8, ile ile inayoingia 550D, 650D na 700D. Ndiyo raha ya kaka wa Magomeni na 700D yake: siku mbili tatu tumeshabadilishana betri ukumbini kama watu wanaoazimana chumvi. Wenye 1100D, 1200D, 1300D, 2000D na 4000D wao wanatumia LP-E10, nao ni ukoo mmoja. Kabla hujanunua kamera, uliza jirani yako betri yake inaitwaje. Nilinunua ya akiba isiyo ya Canon kwa 30,000, inakaa muda mfupi kuliko ya kampuni, lakini inakaa. Kadi ya 32GB, 25,000, na kadi ukiinunua ijaze yote kwanza kwa mafaili ya kompyuta na kuyafungua tena, maana zipo zinazojiita 32 na ndani ni 8, zinakuumbua picha za keki zikishapigwa.

Kwenye kutunza sitanii. Hewa ya Mtwara ina maji na chumvi, chuma kinaota kutu ukikitazama tu. Begi zuri la kitambaa ndilo kitanda cha kuvu, kwa sababu linanyonya unyevu na kukaa nao. Kamera yangu inalala kwenye kontena la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko wa kubana na mpira wake, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye viatu na mikoba. Wauza viatu pale sokoni wananipa bure, wanadhani nina kichaa kidogo. Vikishiba unyevu vinakaushwa kwa moto mdogo na kurudishwa. Mchele usiweke, una vumbi la unga, utakuwa umeongeza tatizo. Nikitoka Msimbati au Feri napangusa bodi yote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, kabla ya kuifungia. Na lenzi sibadilishi nikiwa upepo wa bahari unanipiga usoni.

Kazi ya kwanza ya maana niliyoifanya nayo ilikuwa nje ya mji, likizo ya Juni, wakati wali, mabinti waliochezwa unyago, wanatolewa. Waliniita kwa ajili ya siku ya kutoka, si kwa yale ya ndani. Kuna mtu atajifanya hajui tofauti, kwa hiyo niseme wazi: ya ndani hayapigwi picha, hata ukiwa mwanamke, hata ukiwa umechezwa, hata kamera iwe ya milioni tano. Nilienda kwanza kwa kungwi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho ulichoshika kisivuke mkeka ule."

Hakikuvuka. Nikakaa upande wa watu, na jua lilipozama wakawasha balbu moja ya jenereta juu ya mti. Ngoma zikaanza, vumbi likapanda mpaka balbu ikawa na ukungu. Kwa f/2, ISO 3200, nilikuwa napata miguu iliyoganda hewani na kanga mpya za wali zikiwa bado na mikunjo ya dukani. Chenga zilikuwepo kwenye picha, chembe chembe za ISO kubwa, lakini mama wa mmoja wa wali alipozichapisha kwangu hakuziona. Aliona kwamba noti alizokuwa anamtuza mwanawe zinasomeka ni za elfu kumi, na akataka nakala nne za hiyo hiyo, moja ya shemeji yake.

Sasa nakusanya kwa ajili ya kinachofuata, na hapo mimi na kaka wa Magomeni hatuelewani. Yeye anasema flashi, Yongnuo YN560, inayotumia betri nne za kawaida, unaielekeza darini mwanga unarudi laini. Ni kweli, kwenye ukumbi wenye dari nyeupe ya jipsamu ni kitu kizuri. Lakini nusu ya sherehe zangu ziko chini ya turubai, na nyingine chini ya mwembe, na mwembe haurudishi mwanga. Mimi nataka ile 24mm f/2.8 ya Canon, nyembamba kama biskuti, ili niweze kupiga familia nzima sebuleni bila kusimama kizingitini nikiwazuia watu wanaopita na sahani. Yeye anasema f/2.8 itanitesa usiku. Nimemwambia usiku nitaazima flashi yake.